Jinsi ya kuifundisha kompyuta kutambua hatua za Alzheimer kwa picha za MRI

Mtandaoni kuna mkusanyiko mmoja wa picha za ubongo zilizopigwa kwa MRI (mashine ya sumaku) ambao wanafunzi wengi wanaotaka kompyuta itambue Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, hukutana nao kabla ya mwingine wowote. Una picha 6,400 za JPG zilizopangwa kwenye folda nne: wasio na ugonjwa 3,200, dalili hafifu sana 2,240, dalili hafifu 896, dalili za wastani 64. Modeli ya kawaida tu ya akili mnemba ikifunzwa hapo hupata usahihi wa 98% au 99% jioni hiyohiyo. Ripoti inaandikwa, maksi zinatoka.

Sasa gawanya namba hizo kwa 32. Unapata 100, 70, 28 na 2. Hizo tatu za mwisho ndiyo idadi kamili ya wagonjwa wa ngazi tatu za OASIS-1, data iliyotangazwa mwaka 2007 na Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani. Hata ukubwa wa picha, pikseli 176 kwa 208, ni uleule wa vipande vya OASIS-1. Yaani picha zote hizo ni watu 200 hivi, kila mmoja akakatwa vipande 32. Ukizichanganya na kuzigawa ovyo kati ya kundi la kufunza na kundi la kupima, kipande kimoja cha mzee fulani kinakwenda kufunza, na kipande kinachofuata cha mzee huyohuyo, ambacho karibu ni kilekile, kinakwenda kupima. Modeli haikutambua ugonjwa. Imemtambua mzee yuleyule mara ya pili. Na folda ya dalili za wastani ina watu wawili tu.

Mwongozo huu unapita njia nyingine: kuchukua data kutoka kwenye chanzo chake, kupima sehemu za ubongo wa kila mtu, kisha kuipa kompyuta vipimo hivyo ikadirie hatua. Utahitaji kompyuta yenye Linux au Mac (mwenye Windows atumie WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows), RAM ya GB 16 au zaidi, Python, na FreeSurfer, programu ya bure ya kupima ubongo, toleo la 7.3 au la baadaye. GPU (kichakataji cha michoro) si lazima.

1. Amua unakadiria nini

Hatua za Alzheimer huhesabiwa kwa njia zaidi ya moja, na anayezichanganya anaharibu kazi kabla hajaianza.

Kuna hatua za tishu. Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak, watafiti wa Ujerumani, walizipanga ngazi sita kufuatana na mahali ambapo nyuzi za protini ya tau zimefika ndani ya ubongo. Nyuzi hizo huonekana kwa darubini baada ya mtu kufariki, au siku hizi hukadiriwa akiwa hai kwa picha ya PET yenye dawa maalumu inayoshika tau.

Kuna hatua za dalili. Hapa kipimo kinachotumika sana kwenye utafiti ni CDR, kinachopima ukali wa demensia (kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri). Daktari au mtaalamu aliyefunzwa huzungumza na mgonjwa, kisha huzungumza na mtu anayeishi naye, akiuliza mambo sita: kumbukumbu, kujua mahali na wakati, uamuzi, shughuli za nje, shughuli za nyumbani, na kujihudumia. Jibu la mwisho ni 0 kwa mzima, 0.5 kwa mwenye dalili hafifu sana, 1 hafifu, 2 wastani, 3 kali.

MRI ya kawaida haioni tau wala haisikii mazungumzo ya daktari. Inaona ubongo uliosinyaa. Hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya kichwa upande wa masikio inayohusika na kumbukumbu mpya, ni miongoni mwa zinazopungua mapema. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta inapungua karibu 4.7% kwa mwaka kwa wagonjwa wa Alzheimer, dhidi ya 1.4% kwa wazee wazima. Lakini ugonjwa mwingine nao unaweza kuisinyaza, kwa hiyo kupungua pekee hakumtaji mhusika.

Andika lengo lako kwa sentensi moja kabla ya kupakua chochote: "Ninakadiria CDR kutokana na picha ya MRI aina ya T1." Hiyo ndiyo kazi (T1 ni aina ya MRI inayoonyesha vizuri umbo la ubongo). Ukiandika "ninagundua Alzheimer," umeahidi kitu ambacho data yako haina.

Kazi yenyewe ina faida halisi. Lecanemab, dawa iliyopata kibali kamili Marekani Julai 2023, ni ya walio mwanzoni mwa ugonjwa tu. Aliyefika mbali hapewi.

2. Pakua data, kisha soma jedwali lake taratibu

OASIS-1 inatosha kujifunzia na hupatikana bure kwa kukubali masharti yake. ADNI, mradi ulioanza mwaka 2004 Marekani na Kanada, ni mkubwa zaidi na una PET na vipimo vya maji ya uti wa mgongo, lakini unajaza maombi, unaeleza utafiti wako na kusaini makubaliano. Omba mapema, halafu endelea na OASIS wakati unasubiri.

Jedwali la OASIS-1 lina safu 436, ilhali watu ni 416. Hizo safu 20 za ziada ni za wazima waliorudi kupigwa picha mara ya pili ili kupima uthabiti wa mashine. Utazijua kwa utambulisho unaoishia na MR2. Zitoe.

Mtego mkubwa uko kwenye safuwima ya CDR. Watu wengi hawana namba pale, pameachwa wazi, kwa sababu ni vijana na watu wa makamo ambao hawakufanyiwa kipimo hicho. Washiriki wa OASIS-1 wana umri wa miaka 18 hadi 96. Mtu mwenye haraka hujaza sifuri kwenye nafasi wazi, na hapo vijana wa miaka 22 wanakuwa "wazima" wanaolinganishwa na wagonjwa wa miaka 78. Modeli itapata alama nzuri sana. Itakuwa imejifunza kutofautisha kijana na mzee, jambo ambalo hata wewe unaliona kwa macho.

Baki na wenye miaka 60 na kuendelea waliopimwa CDR. Unapata watu 198: wazima 98, wenye 0.5 ni 70, wenye 1 ni 28, wenye 2 ni 2. Watu wawili hawafundishi kompyuta chochote. Waunganishe na wa ngazi ya 1, ubaki na madaraja matatu: 0, 0.5, na 1 au zaidi.

3. Chagua folda sahihi ya picha

Kila mtu ana picha zilezile katika hali kadhaa, na hapa wengi hukosea bila kujua. Folda ya T88_111 ina ubongo uliokwisha kuvutwa au kubanwa ulingane na ramani ya kawaida. Inapendeza kwa macho kwa sababu vichwa vyote vinalingana, lakini ukipima hipokampasi humo unapima kitu kilichobadilishwa ukubwa. Ukigawanya tena kwa ukubwa wa fuvu, umesahihisha mara mbili. Kwa kupima ujazo, tumia SUBJ_111, ambayo ni wastani wa picha za mtu huyo katika vipimo vyake mwenyewe.

Faili ziko katika mfumo wa zamani wa Analyze. Zigeuze kuwa NIfTI, mfumo mpya zaidi wa picha za ubongo:

mri_convert OAS1_0001.img OAS1_0001.nii.gz

Mfumo wa Analyze una sifa mbaya ya kuchanganya kulia na kushoto. Kama huna uhakika na upande, jumlisha hipokampasi zote mbili na ufanye kazi na jumla hiyo; kosa la upande halitakuumiza.

4. Pima ubongo

Njia ya zamani ya FreeSurfer, recon-all, huchukua saa kadhaa kwa kila mtu. Kwa kazi hii tumia SynthSeg, modeli inayogawa ubongo katika sehemu zake, iliyomo ndani ya FreeSurfer hiyohiyo. Ipe folda nzima:

mri_synthseg --i picha/ --o maeneo/ --vol ujazo.csv --qc ubora.csv --cpu --threads 4

Kwenye kompyuta isiyo na GPU, kila kichwa huchukua dakika chache. Iache usiku. Asubuhi utakuta jedwali la ujazo wa kila sehemu kwa milimita za ujazo, pamoja na ujazo wa fuvu zima kwa ndani.

Halafu angalia kwa macho, tafadhali, usiruke. Fungua picha chache kwa Freeview, kionyeshi cha picha cha FreeSurfer, weka rangi za maeneo juu ya picha, shuka hadi usawa wa masikio. Hipokampasi moja ya mtu mzima huwa karibu na milimita 3,000 hadi 4,000 za ujazo, na kwa mgonjwa hushuka chini ya hapo. Ukiona 600 au 9,000, mashine imepotea: labda mtu alitikisa kichwa, labda picha imekaa kichwa chini. Panga jedwali kuanzia ndogo hadi kubwa na ukague wa mwanzo na wa mwisho. Makosa hukaa pembeni.

5. Andaa vipimo vichache vyenye maana

Usimwage safuwima zote kwenye modeli ukiwa na watu 198. Anza na hizi: jumla ya hipokampasi, jumla ya amigdala (sehemu iliyo jirani na hipokampasi), pembe za chini za ventrikali (mashimo ya maji yanayopanuka tishu jirani inaposinyaa), na ventrikali kubwa. Kila moja igawanye kwa ujazo wa fuvu, maana mwenye kichwa kikubwa ana kila kitu kikubwa. Ongeza umri na jinsia.

MMSE, lile jaribio la maswali ya kumbukumbu na akili lenye alama 30, usiliingize ingawa lipo kwenye jedwali. Linapima karibu kitu kilekile ambacho CDR inapima, kwa hiyo modeli italitegemea lenyewe na kuacha picha. Alama zitapanda, MRI haitakuwa imefanya kazi yoyote.

6. Gawanya kwa mtu

Hapa ndipo kazi inapopona au kufa. Kila kitu cha mtu mmoja, vipande vyake, ziara zake za miaka tofauti, nakala zilizogeuzwa geuzwa, vyote vikae upande mmoja. Kwa OASIS-1, herufi tisa za mwanzo za jina la faili ndizo utambulisho wa mtu (msimbo huu wa Python unatumia maktaba ya scikit-learn; X ni vipimo, y ni daraja la CDR):

mtu = jedwali["ID"].str[:9].values
kata = StratifiedGroupKFold(n_splits=5, shuffle=True, random_state=7)
for funza, pima in kata.split(X, y, groups=mtu):
    assert not set(mtu[funza]) & set(mtu[pima])

Mstari wa mwisho unasimamisha programu mtu yeyote akionekana pande zote mbili. Uache hapo daima, hata unapoona hauhitajiki. Na chochote kinachokokotolewa kutoka kwenye data, kama wastani wa kusawazishia namba au uteuzi wa vipimo bora, kikokotolewe kwenye kundi la kufunza tu, ndani ya kila mzunguko.

Tatizo hili si la wanafunzi peke yao. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Paris lilipitia makala za kitaalamu kuhusu Alzheimer na mitandao ya neva bandia, likakuta zaidi ya nusu huenda zilikuwa na uvujaji wa data wa namna hii. Walipojenga upya modeli hizo kwa uangalifu, mitandao hiyo mikubwa haikuishinda SVM, mbinu ya zamani ya kawaida, iliyopewa thamani za nukta moja moja za picha ya ubongo.

7. Jenga modeli tatu, kwa mpangilio huu

Ya kwanza ipe umri na jinsia tu. Hii ndiyo sakafu: ikiwa picha hazikuinui juu ya sakafu, hazijaongeza kitu.

Ya pili ongeza vipimo vya ubongo kwa regresheni ya lojistiki (mbinu rahisi ya takwimu ya kukadiria daraja), ukiweka class_weight="balanced" ili daraja lenye watu 30 lisimezwe na lenye 98. Anza na swali jepesi, 0 dhidi ya zilizobaki, ndipo uende madaraja matatu.

Ya tatu, ukipenda, tumia msitu wa miti ya uamuzi au SVM. Kwa data ndogo hivi tofauti huwa ndogo.

Kumbuka madaraja yana mpangilio. Kumwita mwenye 0.5 kuwa 0 ni kosa dogo kuliko kumwita mwenye 1 kuwa 0, na usahihi wa asilimia hauoni tofauti hiyo. Tumia kappa yenye uzito wa mraba, kipimo kinachoadhibu kosa kubwa zaidi ya dogo (cohen_kappa_score, weights="quadratic"), na uchapishe jedwali zima la nani aliitwa nani. Utaona 0 na 1 zinatengana vizuri, na 0.5 inatapakaa pande zote. Hilo si kasoro ya msimbo wako. Ngazi ya 0.5 imejaa watu ambao ubongo wao bado unafanana na wa majirani zao wazima.

Halafu weka mipaka ya uhakika. Ukipata 36 kati ya 40, usahihi ni 90%, lakini kwa idadi hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya 77% na 96% hivi. Modeli mbili zinazopishana kwa asilimia mbili hapo hazijapishana.

8. Mtandao mkubwa wa neva, kama bado unautaka

Subiri upate ADNI au data ya ukubwa huo. Tumia modeli ya 3D inayosoma ubongo mzima (maktaba ya MONAI, iliyojengwa juu ya PyTorch, ina vifaa vyote), ondoa fuvu kwanza, na ugawe kwa mtu kama ulivyofanya. Kisha fanya jaribio moja la kuichokoza: futa ubongo wote kwenye picha, acha ukingo na mandhari tu, uifunze tena. Ikiendelea kupata alama nzuri, inasoma mashine iliyopiga picha au mkao wa kichwa. Ndiyo maana pia inafaa kuweka kando hospitali nzima kama kundi la kupima, badala ya kuchota watu wachache kutoka kila hospitali.

9. Kabla hujaileta kwetu

Washiriki wa ADNI wengi ni Wazungu waliosoma sana. Modeli iliyofunzwa kwao haijui lolote kuhusu mzee wa Moshi au Kisumu, na shida inaanzia kwenye lebo zenyewe. MMSE humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo mawili yenye pembe tano yanayokatana, na ahesabu kutoka 100 akitoa 7 kila mara. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atafeli akili yake ikiwa timamu kabisa. Kipimo cha IDEA, kilichotokana na kazi ya wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na Nigeria, humpa mzee njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Ukikusanya data hapa, lebo zako zitoke kwenye kipimo cha aina hiyo.

Utafiti uleule wa Hai, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa 6.4% ya wenye miaka 70 na zaidi. Tuseme modeli yako inawanasa wagonjwa 85% na kuwaachia wazima 85%, matokeo ambayo mtu yeyote angejivunia. Peleka kwa wazee 1,000 wa kijijini. Wagonjwa 64, unawanasa 54. Wazima 936, unawaogofya bure 140. Kati ya wanaoambiwa wana tatizo, ni 28% tu ndio wanalo. Kwenye kliniki ambako nusu ya wanaokuja ni wagonjwa kweli, modeli hiyohiyo ingekuwa sahihi kwa 85% ya inaowataja. Modeli za namna hii ni za kliniki, kumsaidia daktari ambaye tayari ana mashaka, na si za kuzungusha mitaani.

Picha nazo ni tofauti. MRI ya kawaida ya hospitali mara nyingi ina vipande vinene vya milimita 5 hivi, si ile ya milimita 1 ya watafiti. SynthSeg ilitengenezwa kuhimili hali hiyo, lakini ujazo unaotoka kwenye picha nene usiuchanganye na wa picha nyembamba bila kupima watu wachache kwa njia zote mbili.

Ruhusa ya utafiti Tanzania hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na nchi zote mbili zina sheria ya data binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Faili za DICOM, mfumo ambao mashine za hospitali huhifadhia picha, hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, hivyo kubadilisha jina la faili hakutoshi. Uso nao uondolewe. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic waliunda sura za watu 84 kutokana na MRI zao, wakazipa programu ya kutambua nyuso ilinganishe na picha za kawaida, iliwapata 70.

10. Unachoandika kwenye ripoti

Andika idadi ya watu kwanza, kisha ya picha. Taja umri wa wastani wa kila daraja, lebo ilitoka kwenye kipimo gani na nani alikifanya, mashine ya MRI na nguvu yake ya sumaku (OASIS-1 ni Siemens ya tesla 1.5), na folda uliyotumia. Weka alama za modeli ya umri na jinsia mstari mmoja juu ya alama za modeli yako, ili msomaji aone picha zimeongeza kiasi gani. Toa jedwali la makosa badala ya asilimia moja. Waliotolewa kwa picha mbovu wahesabiwe na sababu itajwe, kwa sababu wagonjwa ndio hutikisika zaidi mashineni na ndio hutupwa zaidi. Mwisho ambatanisha orodha ya utambulisho wa watu wa kila kundi, wa kufunza na wa kupima, ili mwingine aweze kurudia kazi yako na kukuta mtu yuleyule hayupo pande zote mbili.